Kuchagua kipande cha fluti au pikolo kwa mashindano ya wanafunzi: mwongozo kamili kwa walimu na wazazi wa Mwanza

Kabla hujafungua YouTube kutafuta vipande, pata kanuni za mashindano zikiwa kamili. Usitegemee picha ya skrini iliyozungushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ikiwa imekatwa chini. Omba karatasi yenyewe, tangu ukurasa wa kwanza hadi mahali pa sahihi. Nusu ya kazi ya kuchagua inafanyika humo.

Hatua ya kwanza: kanuni na saa

Anza na muda. Dakika tano za kwenye kanuni si dakika tano za muziki. Wapo waandaaji wanaoanza kuhesabu mtoto anapokanyaga jukwaa, na kutuni, yaani kulinganisha sauti ya chombo, kunakula sehemu yake. Ukipewa dakika tano, tafuta kipande cha dakika nne. Ukifuata hesabu hiyo, majina makubwa kadhaa yanajiondoa yenyewe. Concertino ya Cécile Chaminade inakwenda kama dakika nane. Sehemu ya kwanza ya Konserto ya Mozart ya G meja, K. 313 (herufi na namba za namna hii ni za orodha ya kazi za mtungaji), inakaribia tisa ukiweka na kadensa, yaani pale mpigaji anapobaki peke yake kuonyesha ufundi. Sonata ya Francis Poulenc ikipigwa nzima ni kama kumi na mbili. Kama unataka kukata kipande, hakikisha kanuni zinaruhusu. Zikiwa kimya, uliza kwa maandishi ili jibu lako liwe na ushahidi.

Kisha tafuta majibu ya haya, na lisilojibiwa wapigie simu waandaaji. Kinanda cha kusindikiza ni lazima au ni hiari? Muziki uliorekodiwa unakubalika? Mtoto apige kwa kichwa, au anaruhusiwa kuweka nota mbele yake? Sehemu moja ya sonata inahesabika kuwa kipande? Pikolo, ile fluti ndogo ya sauti ya juu, inashindana pamoja na fluti, au ina kundi lake? Kama ni mashindano ya kutuma video, lazima irekodiwe mfululizo bila kukatwa? Majaji wanataka nakala ngapi za nota?

Mashindano mengi ya shule na ya makanisa hapa kwetu hayana orodha ya vipande, mshiriki anajichagulia. Uhuru huo ndio mtego wenyewe. Palipo na orodha, kama kwenye mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ambayo hufanyika Tanzania pia, kuna mtu ameshapima ugumu kwa niaba yako. Pasipo na orodha, kazi hiyo ni yako. Orodha zao za madaraja, kuanzia la 1 hadi la 8, zichungulie hata kama mwanafunzi wako hafanyi mtihani huo. Zitakuonyesha haraka kipande fulani kiko ngazi gani.

Hatua ya pili: mpime mtoto, na chombo chake

Msimamishe mtoto, fungua programu ya kutuni kwenye simu, iweke mezani mahali ambapo yeye haioni vizuri ila wewe unaiona. Mwambie apige G ya chini, ndefu, kwa sauti ya kawaida. Usihesabu sekunde tu, tazama sindano. Mwanzoni itayumba, halafu itatulia, na pumzi ikianza kupungua itashuka taratibu ingawa mtoto mwenyewe bado anapuliza na anaamini yuko sawa. Pale sindano inapoanza kushuka ndipo pumzi yake halisi inapoishia, na sentensi za kipande utakachochagua, yaani mistari ya muziki inayopigwa kwa pumzi moja, zisizidi hapo. Rudia kwa D ya juu ya mistari, halafu kwa A ya oktava ya tatu kama anaifikia. Wanafunzi wengi wana pumzi mbili tofauti, ya chini fupi na ya juu ndefu, au kinyume chake. Kipande chagua kwa ile fupi.

Fluti nayo ina tabia zake ambazo si kosa la mtoto. C shapu ya katikati hupigwa karibu vitundu vyote vikiwa wazi. Hutoka nyembamba na hupanda juu ya kiwango. E ya oktava ya tatu hupasuka au huruka kwenda nota nyingine kwenye fluti nyingi za wanafunzi, isipokuwa zile zilizowekewa kifaa maalumu cha kuituliza. F shapu na G shapu za huko huko juu zina ukaidi wao. Ukikuta kipande ambacho sentensi yake nzuri kuliko zote inatua juu ya mojawapo ya nota hizo, tena kwa sauti ya chini, fikiria mara mbili.

Sasa mwambie ashuke nusu hatua kwa nusu hatua hadi C ya chini kabisa, polepole, bila kupuliza kwa nguvu. Kama C na D flati zinatoka tu akibana vidole mpaka vinakuwa vyeupe, pedi ya kuziba tundu inavuja. Fundi wa fluti si mtu wa kumpata kila kona ya Mwanza, kwa hiyo kuwa mkweli: pedi hiyo inaweza isiwe imepona kabla ya mashindano. Jambo hili peke yake linaweza kuiondoa Syrinx ya Claude Debussy, kipande cha mwaka 1913 kinachopendwa sana kwa sababu hakihitaji kinanda na kinachukua kama dakika tatu tu. Syrinx inashuka mwishoni hadi D flati ya chini na kufifia hapo hapo. Jaji yeyote anayekijua kipande hicho anaisubiri nota hiyo ya mwisho. Isipotoka, au ikitoka kwa mkwaruzo, ameondoka nayo kichwani.

Tazama pia mguu wa fluti, yaani kile kipande chake cha mwisho. Fluti nyingi za wanafunzi huishia C. Kipande chenye B ya chini kinahitaji mguu mrefu zaidi; kama chombo hakina, achana nacho.

Vidole na ulimi ni rahisi kupima kuliko watu wanavyodhani. Weka metronomu, mpe skeli ya kipande unachokifikiria, nota nne kwa kila pigo, kwanza kwa kuunganisha, kisha kwa kugonga ulimi kila nota. Mwendo ambao anaumudu leo bila kukunja uso, punguza kidogo. Huo ndio mwendo wake wa jukwaani. Walimu wengi hufanya hesabu kinyume: wanachukua mwendo wa leo na kuongeza, wakitumaini mazoezi yatafidia. Mazoezi hufidia, lakini hofu ya jukwaani inachukua chake.

Hatua ya tatu: elewa kipande kiliandikwa kwa kazi gani

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko popote, kwa sababu ukilijua hili utachagua vizuri hata siku ambayo huna mtu wa kumuuliza.

Kuna vipande vya fluti vilivyoandikwa makusudi kwa ajili ya kushindaniwa. Chuo cha muziki cha Paris kilikuwa na mtihani wa kila mwaka mbele ya majaji, na Paul Taffanel alipoanza kufundisha fluti hapo mwaka 1893, ukawa utaratibu kuwaagiza watungaji hai waandike kipande kipya kwa ajili ya mtihani huo. Gabriel Fauré aliandika Fantaisie, op. 79, mwaka 1898. Concertino ya Chaminade, op. 107, ni ya 1902. George Enescu alitoa Cantabile et Presto mwaka 1904, na Philippe Gaubert Nocturne et Allegro scherzando mwaka 1906.

Ukivilinganisha utaona vina umbo moja: mwanzo wa polepole unaompa mwanafunzi nafasi ya kuonyesha sauti na pumzi, halafu mwendo wa kasi unaopima vidole na ulimi, vyote ndani ya dakika tano hadi nane hivi. Fantaisie ya Fauré inaanza kwa E maina, 6/8, mistari mirefu isiyo na mahali pa kujificha, kisha inageuka C meja yenye nota za mfululizo. Jaji akiisikiliza anapata karibu kila anachotaka kukijua. Ndiyo maana vipande hivi bado vinashinda, na ndiyo maana ni hatari kwa mtoto ambaye upande mmoja tu umekomaa. Vidole vyepesi haviwezi kuokoa ukurasa wa kwanza wa Fauré.

Kwa mwanafunzi ambaye bado hajafika huko, iga umbo hilo kwa vipande vyepesi: kimoja cha polepole, kimoja cha kasi, viwe vimetofautiana. Sehemu mbili za sonata moja ya Handel zinafanya kazi ileile kwa mtoto wa mwaka wa pili au wa tatu. Sonata ya F meja, HWV 369, iliandikwa kwa rekoda, filimbi ya kupuliza kwenye ncha, na inakaa vizuri kwenye fluti. Ile ya G meja, HWV 363b, nayo ni rafiki wa vidole vichanga.

Kundi jingine ni vipande vya polepole pekee. Wazazi huvidharau. "Mwalimu, mwenzake anapiga vitu vya kasi, wetu mbona anapiga kama wa msibani?" Mjibu kwa upole, lakini usilegeze. Siciliano ya Sonata ya E flati, BWV 1031, ambayo kwa kawaida huorodheshwa chini ya jina la Bach ingawa wataalamu wanabishana kama kweli ni yake, ikipigwa kwa sauti safi na pumzi zilizopangwa hupata alama kuliko konserto iliyoburuzwa. Vivyo hivyo solo ya D maina ambayo Gluck aliiongeza kwenye opera yake ya Orfeo ilipopelekwa Paris mwaka 1774. Andante ya Mozart ya C meja, K. 315, inakaa katikati: si ngumu kwa vidole, inadai ladha, na ina nafasi ya kadensa fupi ambayo mwalimu anaweza kumwandikia mtoto kulingana na uwezo wake.

Vipande visivyohitaji kinanda ni kundi la pekee, na kwa mazingira yetu ni hazina. Georg Philipp Telemann alitoa fantasia kumi na mbili za fluti pekee, TWV 40:2 hadi 40:13, mwanzoni mwa miaka ya 1730. Ni fupi, kila moja ina sehemu za polepole na za kasi ndani yake, na ugumu unatofautiana kiasi kwamba utapata inayomfaa mwanafunzi wa kati na inayomfaa aliyebobea. Ningeanza na ya pili, A maina. Partita ya Bach ya A maina, BWV 1013, ni mlima mwingine kabisa: Allemande yake inakimbia nota za mfululizo bila pumziko hata moja, mpiga fluti anaiba pumzi anapoweza, halafu mwishoni kabisa Bach anamtaka apande hadi A ya juu. Usimpe mtoto kwa sababu tu ukurasa unaonekana mweupe na hauna shapu nyingi. Danse de la chèvre ya Arthur Honegger, ya 1921, inafaa sana kwa kijana mwenye tabia ya jukwaani, anayeweza kumwonyesha mbuzi akiruka na akitulia.

Konserto za Mozart, K. 313 na K. 314, na Sonata ya Poulenc ya 1957 waachie walio tayari kwenda kusomea muziki. Kipande kikubwa mno kwa mtoto ni kama sare ya kaka yake: kila mtu ukumbini anaona kwamba si yake.

Hatua ya nne: nani atapiga kinanda?

Swali hili liulizwe kabla ya kumwonyesha mtoto nota, si baada. Mwanza ina wapiga kinanda wazuri, na wengi wao wamelelewa na kwaya. Wanasoma solfa haraka, wana sikio kali, na wimbo wa sauti nne watakupigia hapo hapo bila mazoezi. Kinanda cha Poulenc ni kitu kingine. Kinataka mtu aliyezoea kusoma nota za mistari mitano kwa mikono miwili, mwenye wiki kadhaa za kufanya mazoezi peke yake, na juu ya hapo wiki za kufanya mazoezi na mtoto. Kama mpiga kinanda wako pia ndiye anayepiga misa mbili kila Jumapili na kufundisha kwaya tatu, chagua muziki wa Handel au Telemann wenye besi ya wazi na akodi anazoweza kuzishika, au nenda kwenye kundi la vipande visivyohitaji kinanda kabisa. Na mlipe. Nauli na soda si malipo.

Kagua kinanda chenyewe. Vinanda vingi vya makanisani vina funguo 61, yaani oktava tano, na besi za piano halisi hukosa mahali pa kukaa. Mpiga kinanda atalazimika kuzipandisha. Zaidi ya hapo kuna kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mtu amekitumia Jumapili ili kwaya iimbe chini kidogo, amekiacha hivyo, na Jumamosi yenu mnaanza Siciliano, fluti iko G maina, kinanda kiko F shapu maina. Kila mtu anamtazama mtoto. Jambo la kwanza mkifika ukumbini: hakikisha kitufe hicho kiko sifuri.

Sauti ya kinanda cha umeme haibadilishwi na joto. Ya fluti hubadilishwa. Hewa ikipata joto sauti husafiri haraka zaidi na fluti hupanda. Ukumbi wa bati saa tisa alasiri, uliojaa watu, utaipandisha hata kama asubuhi ilikuwa sawa na kinanda. Mfundishe mtoto kuvuta kichwa cha fluti nje kidogo na kusikiliza upya, na afanye hivyo baada ya kuipasha fluti kwa pumzi yake, si ikiwa imetoka tu kwenye boksi. Kipande kinachoanza kwa fluti na kinanda kupiga nota moja kwa pamoja, polepole, kinafichua sauti zisizolingana papo hapo. Mtoto mwenye sikio ambalo bado linakua apewe kipande ambacho kinanda kinaanza peke yake vipimo kadhaa, apate kusikia.

Mtakaotumia muziki uliorekodiwa, tumieni waya. Spika ya Bluetooth hukatika, na simu ya mwalimu ikiita katikati ya kipande ukumbi wote utajua nani kapiga.

Hatua ya tano: mahali na majira

Waulize waandaaji mashindano yatafanyika wapi. Mvua ya vuli, Oktoba hadi Desemba, ikipiga bati, oktava ya chini ya fluti haisikiki hata na jaji aliyekaa mstari wa mbele. Kama tarehe inaangukia miezi hiyo na ukumbi ni wa bati, kipande kinachoishi chini, hata kiwe kizuri namna gani, ni kamari.

Nje kuna shida nyingine. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na kwenye viwanja vya wazi kama Furahisha unausikia vizuri. Fluti hutoa sauti kwa pumzi inayopita juu ya tundu. Upepo ukipita hapo hapo, sauti inakufa. Mtoto asimame upande ambao upepo haumpigi usoni, nota zishikwe kwa vibanio vya nguo, na kipande kisiwe na sauti za chinichini ambazo hazitamfikia mtu. Hapo pikolo ina nafasi kubwa kuliko fluti.

Kalenda ya shule nayo inachagua kipande. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na wa kidato cha nne ni Novemba. Mwanafunzi wa madarasa hayo akishindana kipindi hicho apewe kipande alichokwisha kukipiga mwaka uliopita, kilichopigwa msasa. Huu si wakati wa kujifunza Chaminade.

Hatua ya sita: pikolo, kama ni lazima

Nasema kama ni lazima kwa sababu wanafunzi wengi hutaka pikolo kabla fluti haijatulia, na pikolo haifichi chochote. Inasikika oktava nzima juu ya ilivyoandikwa. Kosa dogo la kutuni ambalo kwenye fluti linapita, kwenye pikolo linachoma. Midomo inachoka haraka. Mazoezi yawe ya vipindi vifupi vifupi, na kwenye chumba kidogo mtoto na mwalimu wazibe masikio kwa vizibo vya sponji. Hilo la masikio si utani.

Pikolo nyingi huishia D. Hazina C ya chini. Ukichukua kipande cha fluti na kukipeleka kwenye pikolo, pitia ukurasa kwa ukurasa utafute C na C shapu za chini kabla hujampa mtoto. Chaguo salama zaidi ni konserto tatu za Antonio Vivaldi alizoziandikia filimbi ndogo ya zama zake, RV 443 na RV 444 za C meja, na RV 445 ya A maina. Leo wapiga pikolo wamezichukua kuwa zao. RV 443 ndiyo maarufu zaidi, lakini sehemu zake za pembeni hazitoi nafasi ya kupumua. Largo yake, E maina, inafaa mwanafunzi wa kati na inaonyesha kama kweli anaimudu pikolo, maana kupiga haraka kwenye pikolo ni rahisi kuliko kupiga polepole kwa sauti tamu. Badinerie ya Bach, kutoka Suite ya B maina, BWV 1067, ina kama dakika moja na nusu na inafaa kuwa kipande cha pili. Anayetaka kuwachangamsha watu ana Le Merle blanc, polka ya Eugène Damaré; ulimi uwe mwepesi kwanza.

Kwa wanaonunua: pikolo nzuri za mbao hutengenezwa kwa mpingo, mti wetu huuhuu unaovunwa huko Lindi na Kilwa, ukasafiri Ulaya na Marekani, ukarudi na bei ambayo ni heri usimwambie aliyeukata. Kwa mwanafunzi, ya plastiki ngumu inatosha na haipasuki. Ya mbao isiachwe juani wala ndani ya gari, na ikaushwe ndani kila baada ya kupigwa.

Hatua ya saba: kipande cha kwetu

Kanuni zikiruhusu uchaguzi huru, melodi ya Kisukuma kwenye fluti inaweza kuamsha majaji waliosikia Handel tangu asubuhi. Lakini iandikwe nota kamili, zenye vipimo na alama za pumzi, maana jaji hawezi kupima asichokiona. Programu ya MuseScore ni ya bure na inatosha. Ifupishe, isizidi dakika tatu. Usiipambe kila nota. Melodi za bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya majembe, zina mwendo unaobebwa na ngoma na majembe, na ukiziondolea hivyo vyote, kinachobaki lazima kiwe mdundo wa mtoto mwenyewe. Kama mdundo wake si imara, usijaribu. Na kipande hiki kiwe cha pili, baada ya kimoja cha kawaida, isipokuwa kanuni ziseme vinginevyo.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya kuamua

Chagua vipande viwili au vitatu, si kimoja. Mpe mtoto wiki moja kwa kila kimoja, ukurasa mgumu kuliko zote kwanza. Wanafunzi hupenda kuanza mwanzo na kurudia mwanzo, na baada ya mwezi unakuta ukurasa wa kwanza unang'aa na wa tatu haujafunguliwa.

Mwisho wa wiki, rekodi. Halafu mjaribu akiwa amechoka. Watoto wa Mabatini na milima ya Bugando hawahitaji kubuniwa zoezi: apande kwao kwa miguu, akifika tu atoe fluti na apige sentensi ndefu kuliko zote za kipande. Jukwaani moyo unakwenda mbio vivyo hivyo. Sentensi ikikatika katikati ya neno la muziki, ama weka pumzi nyingine kwa penseli mahali panapoeleweka, ama badilisha kipande.

Jaribio la mwisho ni watu. Baada ya misa, au kwenye kipindi cha wageni shuleni, apige mbele ya watu wasiompa alama. Kipande anachokipiga na kutoka akiwa anatabasamu kina uzito kuliko kile unachokipenda wewe. Kile cha akiba kisitupwe; kiendelee kupigwa mara moja kwa wiki. Kama wiki tatu kabla ya siku yenyewe ukurasa mgumu bado unaanguka kila mara, hamia kwenye akiba bila mjadala mrefu. Baada ya hapo usibadilishe tena.

Hatua ya tisa: nota na fomu

Vipande vya watungaji wa zamani, Bach, Handel, Telemann, Vivaldi, Mozart, na hata Fauré na Debussy, vinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Pakua vyote viwili, nota za fluti na za kinanda, na hakikisha vinatoka toleo moja, maana namba za vipimo na alama hutofautiana kati ya matoleo. Poulenc na Honegger bado vinauzwa na wachapishaji wake. Nunua nakala halali, kwani yapo mashindano yanayomkatalia mshiriki mwenye fotokopi.

Steshenari, mwambie kijana wa printa apunguze ukurasa uingie wote kwenye A4. Nota zilizochapwa Ulaya zamani zina kurasa pana kidogo, na zikitolewa bila kupunguzwa zinakatwa pembeni, mahali hasa ambapo shapu na flati za ufunguo hukaa. Angalia kila ukurasa kabla ya kulipa. Weka namba za vipimo kwa mkono kama hazipo, ubandike kurasa ziwe zinafunguka bila mtoto kuinama.

Kwenye fomu, jina la kipande liandikwe kamili: mtungaji, jina, ufunguo, namba ya orodha, na sehemu itakayopigwa. "Mozart, Andante ya C meja, K. 315" inatosha; "Mozart, fluti" inamfanya mratibu akuchagulie mwenyewe. Andika dakika kwa saa ya rekodi yako, si kwa kukadiria, jina la mpiga kinanda liandikwe kama linavyoonekana kwenye kitambulisho chake ikiwa kanuni zinadai hivyo, na fomu ikishajazwa ipigwe picha kabla haijaondoka mkononi mwako.